Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Wakati Kigogo cha Pauline Kea kilikuwa bado kinatahiniwa KCSE, nilikuwa nauza mwongozo wake kwa WhatsApp. Mia bob, M-Pesa kwanza, PDF baadaye. Sikuwa na shule. Nilikuwa mwalimu wa tuisheni mwenye kompyuta moja, bando ya usiku na imani kubwa kwamba hakuna mtu Nairobi hii anayetengeneza mwongozo mkali kama wangu. Kurasa 42. Kila onyesho lilikuwa na muhtasari wake, kila mhusika na sifa zake, na mwishoni maswali na majibu. Rangi ndiyo ilikuwa sifa yangu sokoni: upande wa Majoka nyekundu, Tunu na Sudi kijani, na yale ya kukariri usiku wa mwisho yalikaa ndani ya kisanduku cha manjano. Halafu, ili wajanja wasinakili maneno yangu na kuyauza tena, niligeuza kila ukurasa kuwa picha kabla ya kuutuma.

Jioni moja nikapokea ujumbe wa sauti kutoka namba nisiyoijua. Ni msichana wa kidato cha nne.

“Habari ya jioni, mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Kaka yangu alininunulia mwongozo wako, lakini mwalimu, mwongozo wako umenyamaza. Simu inaniambia tu, ukurasa wa kwanza, picha. Ukurasa wa pili, picha. Imeenda hivyo mpaka mwisho. Sasa nifanye aje?”

Ilinichukua muda kuelewa. Haoni. Simu yake ndiyo humsomea, na mimi nilikuwa nimemuuzia picha 42 za maneno. Kwangu ilikuwa kurasa za jasho. Kwake ilikuwa ukimya wa mia bob.

Nikaandika haraka: “Pole sana, mdogo wangu. Sikujua.” Baada ya dakika moja akanijibu kwa sauti, anacheka. Simu yake ilikuwa imewekwa Kiingereza, kwa hivyo “pole” yangu ilisomwa kama lile neno lao la mlingoti. “Mwalimu, simu imesema ‘poul sana’. Lakini nimekuelewa.” Hata msamaha wangu ulimfikia umevunjika, na bado yeye ndiye aliyefanya kazi ya kuuunganisha.

Tangu siku hiyo siwezi kusoma kitabu cha shule bila kusikia kicheko kile.

Kuna methali tunayowafundisha watoto mapema: mwenye macho haambiwi tazama. Maana yake tunaijua, kwamba mwerevu hahitaji kusukumwa aone lililo wazi. Lakini fungua kitabu chochote cha kiada cha Kiswahili, cha gredi yoyote, uhesabu. Tazama picha hii. Tazama picha ifuatayo kisha ujibu maswali. Ukiitazama picha iliyo hapa chini, eleza unachokiona. Mwenye macho anaambiwa tazama kuanzia Januari hadi Novemba. Asiye na macho haambiwi kitu.

Sisi tunaopenda fasihi tuna mazoea ya kuuliza maswali makali kuhusu riwaya. Msimulizi ni nani? Anamsimulia nani? Nani ameachwa nje ya hadithi? Maswali hayo hatuyapeleki kwa kitabu cha kiada, na sijui ni kwa nini, maana ndicho kitabu kinachosomwa kuliko vyote nchini. Tangu 2018 serikali hununua vitabu hivyo na kuvipeleka moja kwa moja katika shule za umma. Kuna nyumba nyingi ambazo kitabu pekee kilichowahi kuingia, ukitoa Biblia au Kurani, ni hicho. Kama riwaya ina msomaji wake wa kufikirika, basi na kitabu hiki kinaye. Ni vile tu hatujawahi kumwita jina.

Mimi nimejaribu kumchora kwa kufuata vitenzi. Tazama: ana macho mawili mazuri. Sikiliza mwalimu akisoma: masikio yake hayana shida. Tamka maneno haya kwa ufasaha: hagugumizi. Chora, paka rangi, kata, bandika: vidole vinamtii, na penseli za rangi anazo. Jadiliana na mwenzako: ana mwenzake, na huyo mwenzake hamwogopi wala hamcheki. Tafuta kwenye intaneti ukisaidiwa na mzazi: kuna simu nyumbani, kuna bando, kuna mzazi ambaye hajafika kutoka kibarua amechoka. Soma ukurasa huu: herufi ndogo, mstari hadi mstari, na yeye hachoki wala hapotezi mahali.

Huyu mtoto mimi sijawahi kukutana naye. Mimi mwenyewe sikuwa yeye. Nilikaa nyuma ya darasa bila miwani mpaka kidato cha pili, na kwa miaka yote hiyo nilidhani ubao ni kitu ambacho kila mtu hukiona kwa ukungu. Kwa hivyo tukisema kuna “wanafunzi wa kawaida” halafu kuna “wenye mahitaji maalumu”, tunapanga foleni mbili ambazo moja haina mtu. Anayesimama kwenye foleni ya kawaida ni huyo mhusika wa kubuni, na vitabu vyote vimeandikiwa yeye.

Wachapishaji wamesikia malalamiko, tusiwanyime haki yao. Siku hizi ukifungua kitabu kipya utamkuta mtoto kwenye kiti cha magurudumu akicheza na wenzake, au msichana ameshika fimbo nyeupe. Nafurahi kumwona. Lakini jiulize jambo moja: huyo msichana wa fimbo nyeupe angeweza kukisoma kitabu alimochorwa? Juu ya picha yake pameandikwa “tazama”, na chini yake hakuna sentensi hata moja inayosema yuko wapi, amevaa nini au anakwenda wapi. Amealikwa kwenye kitabu kama pambo. Kuonyeshwa ni kitu kimoja, kuzungumziwa ni kingine, na kuzungumzishwa ni kingine kabisa. Tumefika cha kwanza tukapiga makofi.

Nirudi kwa aibu yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Nilifanya kile ambacho mtu mwenye haraka hufanya. Nikachukua faili la awali, nikaondoa ile mbinu ya picha, nikamtumia maneno. Nikajisifu kidogo. Kesho yake ujumbe: “Asante sana mwalimu, sasa inaongea. Lakini inaongea kama mlevi.” Jedwali langu la wahusika nilikuwa nimelipanga kwa visanduku vya kuvuta huku na huku, mradi lipendeze. Simu haioni visanduku. Inasoma kwa mpangilio ambao faili limeficha ndani. Ikasoma majina yote kwanza, kisha sifa zote, bila kusema ipi ni ya nani. Kwa dakika mbili nzima Tunu alikuwa dikteta na Majoka mtetezi wa haki. Zile rangi nilizojivunia hazikutajwa kabisa. Nyekundu na kijani zilikuwa zinabeba nusu ya hoja yangu, nani yuko upande gani, na zote zilibaki kwenye kioo. Hata mvulana anayeona vizuri lakini asiyetofautisha nyekundu na kijani, na wako, hangepata kitu pale.

Baadaye nilisoma habari za shule ya vipofu ya Paris, ile aliyoianzisha Valentin Haüy mwishoni mwa karne ya 18, nikajiona. Haüy alikuwa mtu mwema. Alitaka wanafunzi wake wasome, kwa hivyo akachukua herufi zilezile za waonao na kuzichapa ziinuke juu ya karatasi ili zipapaswe. Vitabu vikawa vikubwa na vizito, na kusoma kukawa polepole sana, kwa sababu umbo la A au R limeundwa kwa ajili ya jicho. Kidole hakikuulizwa. Halafu akaja mwanafunzi mmoja pale shuleni, Louis Braille, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ajali katika karakana ya baba yake akiwa mtoto mdogo. Alichukua mfumo wa nukta za kupapasa ambao Charles Barbier alikuwa ameubuni, akaupunguza hadi nukta sita zinazotosha chini ya ncha ya kidole kimoja. Mwaka 1824, alipokuwa na miaka 15, kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Yaani mfumo ambao watoto wasioona wanausoma Thika leo, mbali hivyo na Paris, ulitengenezwa na mwanafunzi aliyechoshwa na vitabu vya shule yake. Mwanzilishi wa shule hiyo aliuliza: nitawapaje hawa kitu changu? Yeye aliuliza: kidole kinataka nini? Mimi na visanduku vyangu tulikuwa bado kwa Haüy.

Sasa, kilichonigeuza kichwa hasa ni picha moja.

Kigogo kinaanzia karakanani, soko la Chapakazi, wachongaji wakiwa kazini. Kwenye ukurasa wa tatu wa mwongozo nilikuwa nimeweka picha ya karakana niliyoitoa kwenye intaneti. Msichana wangu akaniuliza, “Hapo ukurasa wa tatu kuna nini, mwalimu?” Nikamwambia ni picha ya Sudi akichonga. “Anachonga nini?” Kinyago. “Kinyago cha nani?”

Nikaitazama picha. Kwa mara ya kwanza, ngoja niseme ukweli, nikaitazama. Ilikuwa ni ile michongo ya kuuzia watalii: mwanamume mrefu, mkuki mkononi. Na katika tamthilia, Sudi anachonga sura ya mwanamke, na huyo ndiye anayemwona kuwa shujaa halisi wa Sagamoyo, huku akikataa kuchonga kile ambacho utawala unakitaka kwa sherehe zake. Suala zima la nani anastahili sanamu liko mle. Picha yangu ilikuwa imeufuta mchezo. Niliiuza kwa wanafunzi wengi wanaoona, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Aliyeligundua kosa ni yule asiyeweza kuiona, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyenilazimisha niiseme.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba kueleza picha ni uhakiki. Ukiandika “picha ya mtu akichonga” hujaeleza kitu, umebandika lebo. Ukitaka kueleza lazima uamue: katika picha hii nini kina maana hapa, na nini ni mapambo? Nani anamtazama nani? Kama huwezi kusema picha inafanya kazi gani kwenye ukurasa, basi huenda haina kazi, iondoe tupate nafasi. Waandishi wa vitabu vya kiada wangelazimishwa kuandika sentensi mbili chini ya kila picha, nina hakika nusu ya picha zingetoka na zile zitakazobaki zingekuwa bora. Na swali lisingekuwa tena “tazama picha, unaona nini?” Lingekuwa: “Mama amesimama nje ya duka, ameshika sufuria tupu, mtoto amejificha nyuma ya leso yake. Unadhani wametoka wapi?” Swali la pili ni gumu zaidi na ni tamu zaidi, na linamfaa kila mtu darasani.

Wala si ujuzi wa kuagiza kutoka ng'ambo. Tunao. Maelekezo ya jukwaa kwenye tamthilia ni nini kama si kumwambia asiyekuwepo jinsi palivyo? Mganaji wa ngano alimjengea msikilizaji msitu mzima gizani bila picha hata moja. Na kama wewe ulilelewa na redio, unawakumbuka watangazaji wa mpira. Leonard Mambo Mbotela na wenzake walikuwa wakikueleza mpira uko wingi gani, nani anaufuata, umebaki umbali gani kufika langoni, mpaka mzee wa kijiji aliyekaa chini ya mwembe akaruka kabla goli halijaingia. Hawakusema “tazama mpira ule”. Walijua anayewasikiliza haoni uwanja, kwa hivyo kila sentensi ilikuwa na mahali, mtu na mwendo. Fasihi ya Kiswahili ilianza masikioni, kwa utenzi na hadithi. Ni ajabu kwamba tuliiingiza shuleni tukaifanya iwe mali ya macho.

Najua kuna mtu anasoma hapa akiguna. Nimemsikia kwenye makongamano, huwa ameketi mbele: mkianza haya mambo ya ujumuishaji mtarahisisha fasihi, mtaitafuna mpaka ibaki uji. Hoja hiyo naiheshimu kwa sababu nami napenda kitabu kigumu. Lakini inachanganya ugumu wa aina mbili. Kuna ugumu ulio ndani ya nyumba na kuna ugumu wa mlango. Msamiati wa Chozi la Heri, jinsi Assumpta Matei anavyokurudisha nyuma na mbele katika maisha ya watu waliofurushwa makwao, huo ni ugumu wa ndani. Uache. Mtoto apambane nao, ndiyo raha yake. Herufi ndogo zilizobanana, karatasi inayoonyesha maandishi ya upande wa pili, kijivu juu ya manjano, huo ni ugumu wa mlango. Haumfundishi mtu chochote. Hakuna aliyewahi kuwa msomaji bora wa Matei kwa kuumwa na macho.

Ugumu wa mlango una sura yake ya Kiswahili pia. Lugha yetu ni rafiki kwa anayejifunza kusoma: herufi husomeka ilivyoandikwa, hakuna vituko vya Kiingereza. Lakini maneno yetu ni marefu. “Hawatatusimulia” ni neno moja, na ndani yake kuna sentensi nzima. Kwa mtoto mwenye disleksia, anayelipanda neno silabi kwa silabi kama ngazi, urefu huo ni kazi. Halafu mchapishaji anasawazisha mistari kushoto na kulia ili ukurasa upendeze. Maneno marefu hayatoshei, kwa hivyo mashine inatawanya nafasi: hapa pengo kubwa, pale maneno yamegusana, na neno lingine limekatwa katikati na kupelekwa mstari wa chini. Mwongozo wa shirika la disleksia la Uingereza umekuwa ukishauri mambo ya kawaida kabisa: herufi zisizo na vikia, ukubwa wa pointi 12 hadi 14, mistari isawazishwe kushoto tu, nafasi ya kutosha katikati. Kwenye vioo, kiwango cha kimataifa kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Hivyo vyote ni bure. Ni kubonyeza.

Na ukishabonyeza, tazama ni nani anafaidika. Ile njia ya mteremko kwenye vivuko vya juu, barabara ya Thika, kiti cha magurudumu kinaihitaji. Simama pale jioni uone anayepita: mama na mtoto mgongoni, mzee mwenye goti baya, kijana anayesukuma baiskeli, na bodaboda ambaye hata hatakiwi kuwa pale. Maandishi makubwa yenye nafasi yanamfaa anayesoma kwa taa ya koroboi. Sauti inamfaa anayerudi nyumbani kwa matatu usiku, taa zimezimwa, ngoma inadunda. Maelezo ya picha yanamfaa mwenye simu ya zamani ambaye picha hazifunguki. Nilipomtengenezea msichana mmoja mwongozo unaoongea, walioniandikia kushukuru walikuwa wengi kuliko yeye, na karibu wote wanaona.

Lakini nisiifanye hadithi iwe nyepesi, kwamba ukipanga herufi vizuri kila mtu ameingia. Kuna mlango ambao sijui kuufungua.

Mwanafunzi kiziwi Kenya anaweza kusoma Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili, na kuitahiniwa. Huo ni ushindi, na waliopigania wanajua ulikuwa mgumu. Lugha yake ni lugha kamili, yenye sarufi yake, si Kiswahili cha mikono. Katiba inaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini jinsi ratiba ilivyopangwa, ni hiki au kile. Akichagua lugha yake, Kigogo, Chozi la Heri na vyote vilivyofuata si vitabu vyake tena shuleni. Tunaposema kwa majivuno kwamba kila Mkenya aliyemaliza kidato cha nne anaijua Sagamoyo, tunamwacha yeye. Mimi sisemi alazimishwe Kiswahili. Nauliza mbona hatujawahi kumpelekea Sagamoyo kwa lugha yake. Tamthilia ni mwili na uso na mikono. Ingeweza kuigizwa na waigizaji viziwi, ikarekodiwa, ikawekwa kwenye simu. Na wao wana hadithi zao wanazosimuliana kwa ishara, ambazo sisi tunaosikia hatujawahi kutahiniwa hata moja. Ujumuishaji wetu ni wa njia moja tu: wao waje kwetu.

Sheria ipo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na breli, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzitumia. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017. Unaruhusu kitabu chenye hakimiliki kigeuzwe breli, sauti au maandishi ya dijitali kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila taasisi inayofanya kazi hiyo kumpigia magoti mwenye haki. Unamgusa asiyeona, mwenye disleksia, na hata yule ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu. Kwa hivyo kisingizio cha hakimiliki kimepungua. Kilichobaki ni hofu, nami naijua kwa sababu ilikuwa yangu: watu wataiba. Nilifunga kurasa zangu kwa ajili ya mwizi nikamfungia nje mgeni niliyemwalika kwa mia bob. Na mwizi je? Mwizi alibonyeza kitufe cha kutuma, PDF ikaingia magrupu kumi kabla sijanywa chai. Picha hazikumzuia hata sekunde moja.

Kazi yetu ilichukua wiki tatu. Ninasema “yetu” kwa sababu yeye ndiye alikuwa mhariri. Nilimtumia ukurasa, akausikiliza, akarudisha makosa. “Mwalimu, hapa umesema ‘kama tulivyoona hapo juu’. Juu wapi? Taja jina la sehemu.” “Hapa unasema ni muhimu lakini husemi kwa nini.” “Hili jedwali liue. Andika sentensi.” Tuliweka sauti ya Kiswahili kwenye simu yake, “pole” ikawa pole. Kurasa 42 zilibaki 29, na sikuona ni kitu gani tulichopoteza. Nimewahi kuhaririwa na watu wenye shahada tatu. Hakuna aliyenihariri kwa ukali huo.

Ndiyo maana nikisikia kamati inakutana kutengeneza vifaa “kwa ajili ya” wanafunzi fulani, nauliza hao wanafunzi wako wapi ndani ya chumba. Braille alikuwa mwanafunzi. NVDA, programu ya bure inayosoma kioo cha kompyuta na inayotumiwa duniani kote, iliundwa Australia na Michael Curran na James Teh, wote wawili hawaoni. Si kwamba waonao hawawezi kusaidia. Ni kwamba sisi tunaridhika mapema. Kitu kikianza kuongea tunasema tayari, wala hatusubiri kuambiwa kwamba kinaongea kama mlevi.

Alifanya mtihani wake, akapita, akaendelea na maisha, nami sikutarajia kumsikia tena. Halafu vitabu vikabadilishwa, Kigogo kikatoka, Bembea ya Maisha cha Timothy Arege kikaingia. Mwaka uliofuata nikapata faili la sauti kutoka namba yake. Ametengeneza mwongozo wake mwenyewe wa Bembea, kwa ajili ya wadogo zake pale shuleni alikotoka, na anataka niusikilize nimpe maoni kabla hajautoa.

Niliusikiliza ndani ya matatu, macho kwenye dirisha. Kabla ya kila mazungumzo anakwambia nani yuko jukwaani na amekaa wapi. Akifika mahali pa mzaha anangoja kidogo. Kuna sehemu mbili ambazo sikubaliani naye, na nilimwandikia. Lakini kitu nilichokirudia mara tatu ni pale mwanzoni kabisa, anapokaribisha wasikilizaji wake kwa sauti ya utaratibu: “Kwa wale wenzetu wanaoona, karibuni. Fungeni kitabu kwanza, tusikilizane.”

Nikamuuliza anauza pesa ngapi.

“Mia bob, mwalimu,” akasema. “Lakini M-Pesa kwanza.”